Mbwa bila kamba New York: uani au kwenye nyasi wazi?

Mjini New York kuna saa ambayo kila mwenye mbwa anaijua: saa tatu. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa tatu asubuhi, kwenye baadhi ya bustani za umma, mbwa anaruhusiwa kufunguliwa kamba akimbie kwenye nyasi. Ikifika saa tatu na dakika moja asubuhi, mbwa yuleyule, palepale, amekuwa kosa la kulipiwa faini.

Usizihesabu saa hizo kumi na mbili zote, maana bustani zenyewe hufungwa usiku. Central Park hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa saba usiku, kwa hiyo unabaki na saa tatu za asubuhi na saa nne za usiku. Prospect Park, kule Brooklyn, hufunguliwa mapema zaidi, saa kumi na moja alfajiri. Kwa miaka kama ishirini utaratibu huu ulikuwa mazoea tu: wasimamizi wa bustani walifumba macho na wenye mbwa wakajua mipaka yao. Mwaka 2006 chama cha wakazi wa Queens kiliupeleka mahakamani, na 2007 jiji likauandika rasmi kwenye kanuni zake. Kwa hiyo ukimwona mtu na mbwa asiye na kamba saa mbili asubuhi, usidhani anavunja sheria. Pengine anaijua kuliko wewe.

Njia ya pili ni ua wa mbwa, yaani eneo lililozungushiwa uzio ndani ya bustani, ambamo mbwa hukaa bila kamba muda wote bustani iko wazi. Ua wa Tompkins Square, Manhattan, ulifunguliwa 1990 na ndio uliokuwa wa kwanza jijini. Kwa Marekani nzima, wa kwanza hutajwa kuwa ule wa Ohlone Park, mjini Berkeley, California, wa 1979. Leo nyua hizi zipo Washington Square, Madison Square, Carl Schurz, kando ya mto Hudson, na kwenye bustani nyingi ndogo za mitaani.

Anayeanza karibu kila mara hukimbilia uani, akiamini kwamba penye uzio pana usalama. Uzio unazuia jambo moja tu: mbwa kuingia barabarani. Hauzuii mbwa ishirini wasiojuana kubanana kwenye eneo lenye ukubwa unaokaribia wa kiwanja cha mpira wa kikapu, bila pa kukimbilia anayeonewa. Kwenye nyasi wazi ni kinyume chake. Mbwa asiyetaka shari hupiga kona akaondoka zake, lakini hakuna kitu kinachomzuia asifike barabarani isipokuwa sauti yako.

Basi jiulize maswali mawili kabla ya kuuliza bustani ipi iko karibu. Je, mbwa wako anaitika akiitwa? Je, anawapenda mbwa asiowajua, au anawavumilia tu? Anayependa wenzake lakini haitiki, mahali pake ni uani. Anayeitika lakini hapendi umati, mpeleke kwenye nyasi alfajiri, saa ambayo mtu na mtu wameachana mita hamsini. Asiye na sifa hata moja kati ya hizo mbili, mpe kamba ndefu ya mita kumi, na hilo si adhabu. Mbwa wengi wazima, hasa waliopita miaka mitatu, hawahitaji marafiki wapya kila siku. Wanahitaji kunusa na kunyoosha miguu.

Kupata mahali

Anza na tovuti ya Idara ya Bustani ya jiji. Ina orodha mbili tofauti, ya nyua zenye uzio na ya bustani zenye saa za bila kamba, na watu huzichanganya. Ramani za simu haziaminiki kwa hili, kwa sababu huandika "bustani ya mbwa" popote mtu alipopiga picha ya mbwa. Halafu kumbuka kwamba bustani kuwa kwenye orodha hakumaanishi kila pembe yake imeruhusiwa. Prospect Park ina sehemu tatu: Long Meadow, Nethermead na Peninsula. Viwanja vya besiboli vilivyo upande wa kusini wa Long Meadow havimo. Central Park nako, viwanja vya kuchezea watoto na Conservatory Garden ni marufuku kwa mbwa saa zote. Soma kibao kilichopo pale langoni, maana ndicho atakachokuonyesha askari wa bustani.

Nje ya maeneo na saa hizo, kamba isizidi futi sita, sawa na mita 1.83. Hapa ndipo wenye nia njema wanaponaswa: ile kamba ndefu ya mita kumi ya kufundishia, ukiitumia kwenye nyasi saa sita mchana, ni kosa kama vile hukumfunga kamba kabisa. Itumie wakati wa saa za bila kamba.

Ukishapata ua, nenda kwanza bila mbwa, saa ileile unayokusudia kumpeleka. Simama dakika kumi na tano nje ya uzio. Angalia komeo za malango yote mawili kama zinajifunga zenyewe au mpaka zisukumwe. Angalia chini ya uzio kama kuna mashimo, maana mbwa wadogo hupenya penye upana wa kiganja. Angalia watu: wanatembeatembea wakiwafuata mbwa wao kwa macho, au wamekaa benchi moja wameinamia simu? Hilo la mwisho ndilo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Ua mzuri wenye watu wasioangalia ni mbaya kuliko ua wa ovyo wenye watu macho.

Sakafu nayo ina mambo yake. Vipande vya mbao ni laini kwa miguu, lakini hushika unyevu na mkojo, na minyoo na vijidudu hupenda hapo. Changarawe ndogo humaliza maji haraka, ila mbwa anayependa kula mawe atakupeleka kwa daktari. Mchanga wa mawe yaliyosagwa hutoa vumbi wakati wa kiangazi, na mbwa mwenye macho mekundu jioni huenda ni vumbi hilo tu. Nyasi bandia huoshwa kwa urahisi, lakini jua la Julai hulichoma zulia lile mpaka mbwa anacheza huku akirukaruka kama anakanyaga kikaango. Sementi na lami vivyo hivyo, na juu yake zinakwangua nyayo za mbwa anayekata kona kwa kasi. Vyovyote iwavyo, ukiona dimbwi la maji yaliyotuama siku mbili baada ya mvua, geuka. Sababu inakuja.

Ua ukiwa na sehemu mbili, ndogo ni ya mbwa wadogo, kwa kawaida walio chini ya kilo kumi au kumi na moja hivi. Usimwingize mbwa mkubwa mpole humo eti anawapenda wadogo. Mbwa mdogo akikimbia huku akilia kwa sauti nyembamba, mbwa mkubwa anaweza kubadilika ghafla, kile alichokuwa anacheza nacho akakiona windo. Haina uhusiano na ukali. Hata mbwa mtaratibu wa nyumbani hufanya hivyo, na wenyewe ndio huapa baadaye kwamba hajawahi.

Karatasi na chanjo

Kila mbwa New York anatakiwa awe na leseni ya jiji. Ada ni dola 8.50 kwa mwaka kwa aliyehasiwa na dola 34 kwa asiyehasiwa. Utapewa kibati cha kuning'iniza shingoni. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, na uwe na uthibitisho wake utakapoulizwa. Piga picha cheti ukiweke kwenye simu. Kinyesi unaokota mwenyewe. Sheria ya jimbo ya 1978 ndiyo iliyoanzisha hilo, na faini ni dola 250.

Hayo ni ya sheria. Ya afya ni zaidi. Mtoto wa mbwa asikanyage ua wa mbwa mpaka amalize mfululizo wa chanjo, ambao dozi yake ya mwisho hutolewa akiwa na wiki kumi na sita au zaidi kidogo, kisha ongeza wiki mbili za kinga kujijenga. Kirusi cha parvo, kinachoharisha na kuua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Kabla ya hapo, mtoto wa mbwa abebwe, aone watu, asikie treni, akutane na mbwa wazima wa marafiki unaojua chanjo zao. Atajifunza dunia bila kukanyaga kinyesi cha wageni.

Kuhusu lile dimbwi: leptospirosisi. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya, na New York haijawahi kuishiwa panya. Hukaa hai wiki kadhaa kwenye maji na udongo wenye unyevu, hufa pakikauka. Tanzania inaujua ugonjwa huu kwa jina la Homa ya Mgunda, tangu mlipuko wa Lindi mwaka 2022. Ndiyo huohuo. Mbwa huupata kwa kunywa au kukanyaga maji machafu akiwa na mchubuko, figo na ini zikashambuliwa, na anaweza kukuambukiza wewe unayefuta mkojo wake jikoni. Chanjo ipo, hurudiwa kila mwaka, na tangu 2023 mwongozo wa madaktari bingwa wa wanyama Marekani unashauri mbwa wote wapewe, si wale wa mashambani tu. Ukiishi New York, usimwache daktari aipite chanjo hiyo.

Distempa, ugonjwa wa kirusi unaoua mbwa, nayo si ya vitabuni. Mwaka 1994 iliua kama simba elfu moja wa Serengeti, thuluthi ya simba wote wa pale, na kirusi kilihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Mwaka 2018 ikawapiga rakuni wa Central Park. Rakuni ni mnyama mwenye ukubwa wa paka aliyenenepa, uso kama amevaa kinyago, na hutoka usiku kupekua mapipa, yaani saa zilezile za bila kamba. Kati ya 2009 na 2011 rakuni wa bustani hiyohiyo walikuwa na kichaa cha mbwa. Mbwa wako akimkimbiza rakuni hadi kwenye kona, rakuni hatakimbia, atageuka. Ndiyo maana usiku mbwa avae taa shingoni, na wewe uwe na tochi, umwone rakuni kabla mbwa hajamwona.

Jike aliye katika siku za kutaka dume abaki nyumbani, zaidi ya wiki mbili, hata tatu. Dume asiyehasiwa anaingia, lakini jua kwamba madume wengine watamwandama na kumtunishia kifua kwa harufu yake tu, na utakuwa na kazi.

Kumfundisha kuitika

Hili ndilo linaloamua kama nyasi wazi ni zako. Watu husema mbwa wao anaitika kwa sababu nyumbani akisikia jina lake anakuja. Nyumbani hakuna kindi.

Unahitaji kamba ya mita kumi, ya utepe mpana, isiyo ya kujivuta na kurudi. Ile nyembamba ya kujivuta hukata vidole ikizunguka mkono. Ifunge kwenye mkanda wa kifua, kamwe si shingoni, kwa sababu mbwa wa kilo ishirini na tano akifika mwisho wa mita kumi kwa mbio, shingo ndiyo itakayomsimamisha. Vaa glavu. Chukua chakula anachokipenda kuliko vyote na ambacho hakipati siku nyingine: kuku wa kuchemsha bila chumvi, jibini, au maini yaliyokaushwa, yakatwe vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Hamsini vinatosha kwa kipindi kimoja.

Chagua neno moja. "Njoo" linafaa, mradi hulitumii ovyo nyumbani. Sema mara moja, kwa sauti ya furaha, ukiwa umbali wa mita mbili na hakuna kinachomvuta. Akigeuza kichwa tu, tayari msifu, na akifika mpe vipande vitatu vitatu mfululizo, si kimoja. Kisha mwachie aende zake. Hapo kwenye kumwachia ndipo wengi wanapoharibu. Mwenye mbwa humwita mara moja tu kwa siku, wakati wa kuondoka, anamfunga kamba na starehe imeisha. Baada ya wiki mbili mbwa amejifunza kwamba "njoo" maana yake ni "sherehe imekwisha", na ataanza kukuzunguka mita tatu kutoka ulipo, akicheka. Kati ya kila mara kumi unazomwita, mara tisa mwachie arudi kucheza.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja, umbali au kishawishi, si vyote. Mita mbili, tano, kumi. Kisha rudi mita mbili lakini mbwa mwingine anapita mbali. Asipokuja, usirudie neno mara ya pili na ya tatu, maana unamfundisha kwamba mara ya kwanza haihesabiwi. Piga makofi, kimbia upande wa pili, jifanye umeona kitu. Mbwa hufuata kinachokimbia. Usimkimbilie, kwa kuwa naye atafurahi, huo kwake ni mchezo wa kukimbizana. Na akichelewa kuja, hata dakika tano, akifika usimgombeze. Atakumbuka kilichotokea alipofika, hatakumbuka alichelewa.

Lini uivue kamba? Akiitika mara tisa kati ya kumi mbele ya mbwa wengine, kwenye bustani ileile, siku tofauti tofauti. Kwanza iachie iburute chini kwa wiki moja, uweze kuikanyaga.

Langoni

Ugomvi mwingi wa uani huanzia langoni. Kuna malango mawili na kijichumba katikati. Mbwa mpya akifika, walio ndani wote hukimbilia pale kumnusa. Yeye bado ana kamba, kamba imekaza, kifua kimenyanyuka kwa kuvutwa, na kwa wenzake mkao huo unasomeka kama wa kutafuta ugomvi. Hawezi kuinama, hawezi kugeuka, hawezi kuondoka.

Fanya hivi. Simama nje, mbali na uzio, mpaka mbwa wako apumue kawaida. Ingia kwenye kijichumba akiwa hakuna mbwa mwingine humo, hakikisha lango la nyuma limefunga. Mvue kamba hapo, na mkanda wa kifua pia. Mvue mapema mnyororo wa kubana au mkanda wenye miiba. Kama mbwa wamesongamana upande wa pili, subiri, au waombe wenyewe wawaite. Ombi hilo halimkeri mwenye mbwa anayejua anachofanya. Lango likifunguka, ingia na uendelee kutembea moja kwa moja hadi katikati. Ukisimama langoni, naye atasimama langoni.

Kwa nini umvue mkanda wa kifua? Mbwa wanaocheza hung'atana shingoni. Taya la chini likipita chini ya mkanda wa mwenzake na jino likanasa, anayenaswa anashtuka, anajiviringisha, mkanda unakaza, mmoja anakabwa shingo na mwingine anakaribia kuvunjika taya. Kwa nje inaonekana kama ugomvi, na watu huwavuta kila mmoja kwake, jambo linalozidi kukaza. Wasogeze karibu zaidi mpaka mkanda ulegee, mgeuze aliyenaswa kinyume cha mwelekeo aliojizungusha, au kata mkanda kwa mkasi. Shingoni mvike mkanda unaojifungua wenyewe ukivutwa kwa nguvu, wenye kibati tu.

Ukishaingia, usikae. Zunguka. Mbwa hukaa karibu na watu wao, na watu wakikusanyika kwa mazungumzo mbwa nao hukusanyika. Chakula na mpira anaoupenda sana viache nje ya ua, na kwa saa, epuka saa kumi na moja hadi saa moja jioni, watu wanapotoka kazini. Nusu saa inatosha. Ugomvi wa dakika ya arobaini na tano ni ugomvi wa uchovu, kama wa watoto.

Kusoma miili

Mkia unaotikisika hautoshi. Angalia kimo na ulegevu: mkia wa usawa wa mgongo, unaoyumba pamoja na kiuno kizima, ni furaha. Mkia uliosimama wima, ukitetema ncha tu kama unyasi kwenye upepo, ni onyo. Mbwa wawili wanaokutana vizuri hujongea kwa upinde, si uso kwa uso, wananusana nyuma sekunde tatu hivi kisha mmoja anageuka. Kuinama kifua kikiwa chini na matako juu ni mwaliko wa mchezo. Mchezo wa kweli una zamu: aliyekuwa juu anakuwa chini, aliyefukuza anafukuzwa, na kila baada ya muda mfupi wanatua, wanajikung'uta, wanaanza tena.

Kinachotakiwa kukunyanyua ni ukimya. Mbwa aliyeganda ghafla, mdomo umefungwa, macho yamekodoa hadi weupe ukaonekana pembeni, ana sekunde moja au mbili kabla hajafanya jambo. Kunguruma ni afadhali, maana bado anaongea. Usimwadhibu anayenguruma, ukimnyamazisha leo, kesho atauma bila taarifa. Angalia pia mbwa mmoja akikimbizwa na watatu au zaidi, mkia kati ya miguu. Hapo hakuna mchezo tena. Na kama huna hakika, jaribio ni rahisi: mshike yule anayesumbua, umwachie anayesumbuliwa huru. Akirudi mwenyewe, walikuwa wanacheza. Akiondoka, ameshajibu.

Vita vikipasuka

Ugomvi mwingi ni kelele na mate, huisha kwa sekunde chache. Usiingize mkono shingoni, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hung'atwa, na mara nyingi na mbwa wao wenyewe. Piga kelele moja kubwa, mwaga maji usoni mwao, weka ubao, begi au kiti katikati. Ikishindikana, watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, washike mapaja ya nyuma juu karibu na kiuno, wawanyanyue kama toroli na warudi nyuma kwa kuzunguka, ili mbwa asipate kugeuza kichwa. Msiwaachie mpaka kila mmoja ana kamba. Kama mmoja ameng'ang'ania na meno, usivute. Kinachochana ngozi ni kuvuta.

Jeraha la meno hudanganya. Juu kuna tundu dogo kama la msumari, ndani ngozi imetengana na nyama na uchafu umesukumwa humo. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka, chukueni namba za simu, namba ya leseni na picha ya cheti cha chanjo.

Akiumwa mtu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kamili, kwa saa, kisha hospitali, na tukio liripotiwe idara ya afya ya jiji. Mbwa aliyeuma hufuatiliwa siku kumi. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatuna haja ya kuelezwa kwa nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia.

Nyasi, maji, na watu wengine

Kwenye nyasi wazi, ruhusa ya sheria haifuti haki ya anayepita. Wapo wanaoogopa mbwa tangu utotoni, kwa kuwa mbwa waliowajua walikuwa wa ulinzi. Wapo Waislamu wa Kishafii, kama wa mwambao wetu, ambao mate ya mbwa yakigusa nguo ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu huyo yuko njiani kwenda msikitini na mbwa wako anamletea pua yenye maji. Maneno "hana neno, ni mpole" hayajibu chochote hapo. Mwite, mfunge, mpishe.

Prospect Park ina ufuko mdogo wa mbwa karibu na Long Meadow. Wakati wa joto, maji ya bustani ile huota mwani wenye sumu, unaoonekana kama rangi ya kijani iliyomwagwa au supu ya mchicha. Mbwa akiunywa, au akijilamba manyoya baada ya kuogelea, anaweza kutapika, kutokwa udenda, kuyumba na kufa ndani ya saa chache. Soma vibao, na ukiwa na shaka mwache mkavu. Maji ya kunywa beba yako, nusu lita na bakuli la kukunja, kwani bakuli la pamoja uani huweza kumwambukiza jiadia, kijidudu cha kuharisha, na vinundu vya mdomoni.

Kwa joto, weka mgongo wa kiganja kwenye lami sekunde saba. Usipoweza, naye hawezi. Joto la mwili wa mbwa ni kati ya 38 na 39.2 kwa kipimo cha selsiasi. Likivuka 40.5, ulimi umekuwa mwekundu sana, anahema bila kutua na anayumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na kumpepea hapohapo, ndipo mwende kwa daktari. Bulldog na pug, mbwa wa pua fupi, wapeleke alfajiri tu.

Kuondoka ni kurudia langoni kinyume chake: mwite mara mbili tatu za uongo kwanza, umpe kipande na kumwachia, kisha ya kweli. Mfunge kwenye kijichumba. Tembea naye dakika tano polepole kabla ya treni au lifti. Nyumbani pangusa nyayo, hasa majira ya baridi kwa ajili ya chumvi ya barabarani inayounguza na kulambwa, na pitisha vidole nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole vya miguu ukitafuta kupe.